Hulk asiyegeuka ni jibaba la kijani tu

Kuna sini moja kwenye Avengers: Endgame ya 2019 inaniudhi kila nikiiona. Bruce Banner, yule mwanasayansi wa komiki za Marvel anaegeuka jitu la kijani linaloitwa Hulk akikasirika, amekaa mgahawani na wenzake, ni Hulk mwili mzima, kijani, kavaa miwani na nguo za kistaarabu, anakula mayai na kuwakaribisha wengine, huku anawaelezea kwamba amekaa maabara miezi 18, akaacha kumchukulia Hulk kama ugonjwa, akachanganya akili yake na mwili wa lile jitu, basi mambo yakaisha. Watoto wanakuja kuomba kupiga nae picha. Ukumbi mzima unacheka.

Mi sikucheka. Jamaa anahangaika na hili tatizo toka 1962, amekimbia, amejificha, amepoteza mwanamke anaempenda, kwenye muvi ya The Avengers ya 2012 anasema mwenyewe alishajaribu kujimaliza kwa risasi na lile jitu likaitema, alafu siku anapata ufumbuzi, siku kubwa kuliko zote kwenye maisha yake, sisi watazamaji hatupo. Ilitokea katikati ya muvi moja na nyingine. Tumesimuliwa tu, tena juujuu, mtu akiwa na mayai mdomoni.

Ninavyoona mimi, wenye nguvu kwenye haya mambo ya komiki wamejaa, kila kona kuna mtu anabeba jengo. Cha Hulk peke yake ni ile dakika ya kugeuka. Mtu anajua kitu kinakuja, hakitaki, anawaomba watu waondoke na hawaondoki, macho yanabadilika, shati linaanza kuachia mgongoni, na kesho yake anaamka porini peku hajui kaumiza nani. Huku kwetu hii haihitaji maelezo mengi, karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kupandisha mashetani, anaongea kwa sauti isiyo yake, wanaume wanne wanashindwa kumshika, akishatulia anaomba maji na kuuliza mbona mnaniangalia hivyo. Hulk ndo huyo. Ukitoa ile hofu ya kupandisha unabaki na jibaba la kijani linavunja magari, na magari yanavunjwa kila muvi siku hizi.

Tuanze mwanzo kidogo. The Incredible Hulk namba 1 ina tarehe ya Mei 1962, maneno ya Stan Lee na michoro ya Jack Kirby. Dokta Banner ni mwanasayansi wa jeshi la Marekani ametengeneza bomu la gama, wanataka kulijaribu jangwani, sekunde za mwisho anaona kijana mmoja, Rick Jones, kaingia na gari eneo la mlipuko kwa ubishi tu wa vijana. Banner anatoka kumuokoa, anamuachia msaidizi wake maagizo asimamishe hesabu, kumbe msaidizi ni jasusi wa Wasovieti, anaacha bomu lilipuke. Kijana anasukumwa kwenye handaki, Banner anaipokea mionzi yote. Miezi michache baadae mwaka huohuo dunia ikakaribia kweli kulipuliwa kwa sababu ya makombora ya Cuba, kwahiyo ile hofu haikuwa ya kutunga. Na mkiangalia vizuri, aliyelitengeneza bomu ndo aliyelipukiwa nalo. Muvi nyingi zimeikwepa hii kabisa.

Kingine ambacho wengi hawajui, Hulk wa kwanza alikuwa wa kijivu, sio kijani. Stan Lee alitaka rangi isiyoonyesha kabila lolote, ila mitambo ya kuchapa ya enzi zile ilishindwa kutoa kijivu kimoja, ukurasa huu kimekoza, ule kimepauka, toleo la pili wakaamua iwe kijani na ikabaki hivyo. Alafu hakuwa anageuka kwa hasira, alikuwa anageuka jua likizama, kama watu wa hadithi za mbwamwitu. Hasira imekuja baadae. Na komiki yenyewe ilikufa baada ya matoleo 6 tu! Machi 1963 ikafungwa, Hulk akawa wa kuazimwa kwenye komiki za wenzie mpaka alipopata tena nafasi yake. Hata Avengers, lile kundi la mashujaa wa Marvel, kaanzisha nao 1963 na toleo la pili tu kashaondoka. Hajawahi kuwa mtu wa kikundi huyu.

Sasa twende kwenye skrini, na hapa najua vijana mtanicheka, ila Hulk bora kuliko wote mpaka leo ni yule wa TV wa CBS, aliyepakwa rangi. Sizoni zilikuwa 5, kuanzia ile muvi ya ufunguzi ya Novemba 1977 mpaka 1982. Mtengenezaji ni Kenneth Johnson, ambae komiki zenyewe wala hakuwa mpenzi nazo, na nahisi ndo ilisaidia. Akatupa bomu, akatupa jeshi, akatupa maadui wenye vichwa vikubwa, hata jina la Bruce akalitoa, akamuita David Banner kwa sababu hakupenda yale majina ya komiki yanayoanza na herufi moja mara mbili. Hulk mwenyewe alitaka awe mwekundu, maana mtu akikasirika anakuwa mwekundu, hilo Marvel wakamkatalia. Alichobakiza ni mtu na hasira zake.

Na namna ilivyoanza, ebu sikilizeni. David, ameigiza Bill Bixby, yuko kwenye gari na mkewe, linapinduka, mke anabaki ndani na gari linawaka, David anavuta mlango kwa nguvu zote na hauondoki. Mke anafariki. Yeye ni daktari mtafiti, anaanza kutafuta watu waliowahi kupata nguvu za ajabu kwenye dharura, mmojawapo ni mama aliyenyanyua gari kumuokoa mwanae. Kirby nae alishasema wazo la Hulk lilimjia alipoona mama ananyanyua gari kwa ajili ya mtoto, kwahiyo japo Johnson alitupa karibu kila kitu, kwenye mzizi wamekutana. Swali linalomuua David ni kwanini yule mama aliweza na yeye hakuweza. Anajipiga mionzi ya gama mwenyewe, usiku, kwa siri, na mashine ilikuwa imeongezwa nguvu yeye hajui. Anatoka pale hana badiliko lolote, anaendesha kurudi nyumbani, mvua inanyesha, tairi linapata pancha.

Pancha! Hakuna adui, hakuna ndege ya kigeni. Mtu amefiwa, amechoka, amelowa, anahangaika kubadilisha tairi gizani, spana inateleza anaumia mkono, anakasirika. Nani hajawahi kuwa pale. Ndo anageuka, mara ya kwanza kabisa, na kitu cha kwanza Hulk anachokifanya ni kulivunja lile gari. Hiyo sini haina mabilioni ya grafiki za kompyuta, ina lenzi nyeupe za macho, shati linalochanika, na Lou Ferrigno aliyepakwa kijani. Bado inashtua.

Ferrigno alikuwa mnyanyua vyuma, alishakuwa Mr. Universe, na tangu utotoni alipoteza sehemu kubwa ya usikivu kwa maradhi ya masikio. Akiwa Hulk hana mstari hata mmoja wa kuongea kwenye ile sizoni, hata mngurumo ni wa mtu mwingine, anaigiza kwa uso tu. Na uso wake una huzuni flani. Hulk wake anavunja mlango alafu anakaa kuangalia ua au anajiangalia kwenye maji. Bixby upande wa pili anaigiza mtu mpole aliyechoka, kila episodi yuko mji mpya, jina jipya, kibarua kipya, mwandishi wa habari McGee yuko nyuma anamtafuta Hulk akiamini ni muuaji, na mwisho wa episodi David anaonekana barabarani na begi anaomba lifti, piano inalia. Kugeuka kulikuwa mara mbili hivi kwa episodi, bajeti nayo ilikuwa inasema hapo, lakini ndo maana ulikuwa unakuogopa na kukusubiri kwa wakati mmoja.

Kuna episodi ya saa mbili, ya kufungua sizoni ya pili 1978, inaitwa Married. David anaenda kwa daktari bingwa wa usingizi wa kiakili (hypnosis) ili amsaidie kumfungia Hulk ndani, kumbe yule daktari mwanamke nae ana ugonjwa usiopona. Wanasaidiana, wanapendana, wanaoana wakijua muda haupo. David anatumia usingizi kumkamata Hulk ndani ya kichwa, kwenye jangwa la mawazo, anamfunga kwa nyavu, anamfungia kwenye chumba cha chuma, na kila mara jitu linatoka. Mke nae anajaribu kupigana na ugonjwa wake kwa njia hiyohiyo. Mwisho wake mnaweza kuukisia. Mariette Hartley, aliyeigiza huyo mke, akapewa Emmy, tuzo kubwa ya TV Marekani. Narudia, Emmy ya muigizaji bora wa kike, kwenye sizoni ya Hulk, 1979. Mtu akikwambia haya mambo ni ya watoto mpe hiyo.

(Muvi tatu za TV zilizofuata, 1988 na Thor, 1989 na Daredevil, 1990 ya kifo chake, ziangalie ukiwa huna kazi. Bixby alifariki 1993.)

Huku kwenye komiki mambo nayo yalikuwa yanachimbwa. Mwaka 1985 mwandishi Bill Mantlo akatuonyesha kwamba Banner alipigwa na baba yake toka mdogo, na mama yake aliuawa na huyohuyo baba. Yaani hasira ilikuwepo kabla ya bomu, gama imeipa mwili tu. Peter David akaja 1987, akaandika Hulk kwa karibu miaka 12 mfululizo, akalipanua hilo wazo mpaka Banner akawa na watu kadhaa ndani yake, mmojawapo yule wa kijivu, mjanja, anaishi Las Vegas anavaa suti anajiita Joe Fixit. Kama hujui komiki na unataka kujua kwanini watu wazima wanamsoma Hulk, hapo ndo jibu.

Na hicho ndo alichokichukua Ang Lee kwenye Hulk ya 2003. Ile muvi watu wameitukana sana na matusi mengine ni halali, wale mbwa waliogeuzwa hasa yule pudo sijui nani aliwapitisha, na dakika 40 za mwanzo unaweza ukaenda kuchota maji ukarudi. Mimi niliiona mara ya kwanza kibanda umiza, jamaa anatafsiri juu kwa juu anamuita lile jitu jini la kijani, nusu ya watu wakaondoka kabla steringi hajageuka. Lakini niliporudia ukubwani nikaona kitu kingine. Baba, ameigiza Nick Nolte, ameharibu mwili wa mwanae kwa majaribio kabla hata hajazaliwa, akamuua mama mtoto akiwepo. Eric Bana anaigiza mtu aliyefunga kila kitu ndani mpaka mchumba wake, Betty, hamfikii. Kuna sehemu anamwambia Betty kinachomtisha zaidi ni kwamba akigeuka, akipoteza kabisa udhibiti, anasikia raha. Hakuna muvi nyingine ya Hulk iliyothubutu kusema hivyo. Hulk wa Lee anaongezeka ukubwa kadri anavyokasirika, na akiwa jangwani anaruka maili kwa maili unaona kweli ni mtu aliyetua mzigo. Lee mwenyewe alivaa yale mavazi ya kunasa miondoko akaigiza hasira ya Hulk ili mafundi wa kompyuta wapate pa kuanzia. Mzee mpole wa Taiwan anarusha ngumi studio, hiyo picha ningelipia kuiona.

Ya 2008 ya Edward Norton nitaipita haraka. Ni nzuri nusu ya kwanza, Banner amejificha Rio de Janeiro kwenye nyumba za mlimani, anafanya kazi kiwanda cha soda, anajifunza kupumua, ana saa inayomhesabia mapigo ya moyo, na unaikodolea ile saa kuliko kitu chochote. Alafu nusu ya pili majitu mawili yanapigana Harlem na saa inasahaulika.

Norton hakurudi, akaja Mark Ruffalo 2012. Naomba nisieleweke vibaya, Ruffalo ni muigizaji mzuri na alianza vizuri, yule mtu mchovu anaetibu masikini Kolkata, kila mtu kwenye chumba anamuongelesha kama bomu. Shida ilianza na ile sini maarufu anaposema siri yake ni kwamba ana hasira muda wote, anageuka huku anatembea, alafu anampigiza adui yao Loki sakafuni kama nguo. Ukumbi ulilipuka, hata mimi nilisimama. Ila tangu siku ile studio wakajua Hulk anachekesha, na kitu kikishachekesha hakiogopeshi tena.

Walijaribu mara moja zaidi, Age of Ultron ya 2015, na wakaja kujaribia Afrika. Mwanamke mwenye uchawi, Wanda, anamvuruga akili Banner, Hulk anaingia mjini Johannesburg, walirekodi palepale kweli, anavunja kila kitu na mwenzake Tony Stark anashuka na lile dude la chuma kumzuia, wanaangusha ghorofa zima. Kwa dakika chache unaona anachoogopa Banner, Hulk anazinduka kwenye vumbi anaangalia watu wanavyomtazama na uso wake unabadilika. Alafu? Tunapelekwa shamba la mwenzao Hawkeye kupumzika. Watu wa Johannesburg hawapewi hata sini moja ya kuokota matofali. Muvi nzima iliyofuata ya Captain America ikajadili nani awajibike kwa uharibifu wa hawa mashujaa, na Hulk hata hakuwemo.

Thor: Ragnarok ya 2017 imechukua hadithi ya Planet Hulk, ile ya komiki ya 2006 ya Greg Pak ambayo rafiki zake Hulk, Stark akiwemo, wanamdanganya wanamtupia angani, anatua sayari ya watumwa, anakuwa mpiganaji wa ulingoni, anakuwa mfalme, anaoa, mke ana mimba, na kile chombo kilichomleta kinalipuka na kumuua mke na mji. Anarudi duniani kulipa kisasi. Muvi ikachukua ulingo na mavazi, mke na kisasi ikaacha, ikaweka utani wa Hulk kutoka kuoga. Inachekesha, sikatai. Nimeiona mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kwanini hatupati muvi yake mwenyewe? Sababu kubwa ni karatasi. Haki za kusambaza muvi za Hulk peke yake zilibaki kwa Universal, kwahiyo Marvel wakawa wanamtumia kwenye muvi za wenzie tu, ambako steringi ni mwingine. Ndo maana safari yake inatokea kwenye mianya. Amegombana na Hulk wake kwenye Infinity War, jitu likagoma kutoka, nikasema hapa sasa wanataka kusema kitu, kumbe jibu ni yale mayai.

She-Hulk, yaani Jennifer binamu yake Banner, alipata chake kwenye sizoni yake ya TV ya 2022. Kwanza huyu binamu kazaliwa 1980 kwa sababu ya ile sizoni ya TV, Marvel waliogopa TV isije ikabuni Hulk wa kike wakaikosa haki yake, wakawahi. Kwenye episodi ya kwanza Jennifer anamwambia Banner kudhibiti hasira yeye anafanya kila siku, akipigiwa miluzi barabarani, akielekezwa na wanaume kazi anayoijua kuwazidi. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Mwishoni mwa sizoni nikalala tena.

Na sasa kituko chenyewe, kugeuka kuzuri kuliko kote kwa miaka ya karibuni wamempa Ross. Jenerali Ross, aliyemwinda Banner miaka yote, kwenye Captain America: Brave New World ya Februari 2025 ni rais wa Marekani, ameigiza Harrison Ford, mzee wa miaka 82 muvi ilipotoka, anabugia vidonge kwa siri, anajizuia, anataka binti yake amsamehe, mkono unaanza kutetemeka mbele ya waandishi wa habari, na mwisho anachanika palepale Ikulu, mwekundu. Treila zilishaonyesha kila kitu miezi kabla, wajinga wale. Lakini mzee anaepigana na uso wake mwenyewe mbele ya kamera ni Hulk zaidi ya chochote alichopewa Ruffalo toka 2015.

Kwahiyo mkitaka Hulk wa kweli kwa sasa hayuko kwenye skrini, yuko kwenye Immortal Hulk, komiki ya Al Ewing na mchoraji Joe Bennett, 2018 mpaka 2021. Wamerudisha sheria ya 1962, anatoka usiku. Banner anaweza kuuawa mchana kama mtu yeyote, jua likizama Hulk anaamka. Toleo la kwanza ni kijana anavamia kituo cha mafuta, anapaniki, anawapiga watu risasi, mmoja mtoto wa kike, mwingine mgeni asiyejulikana aliyekuwa ananunua vitu. Maiti ya mgeni inapelekwa mochwari. Usiku unaingia. Yale mazungumzo ya Hulk na yule kijana baadae nisiwaharibie. Jumla ni matoleo 50, soma kwa mpangilio usiruke, na kama una roho nyepesi usisomee kitandani, kuna sehemu wanamkatakata vipande wanamweka kwenye machupa maabara wakidhani wamemaliza kazi.